Masomo ya Kati katika Inchi ya Shaba: Nani Aliandika, na kwa Ajili ya Nani?

Mtoto wa Kolwezi anapomaliza kalasi ya sita ana miaka kumi na miwili, pengine kumi na mitatu. Mwili wake umekwisha pata nguvu za kubeba mfuko wa mawe, na akili yake ndiyo kwanza yaanza kuuliza maswali. Toka hapo mpaka kalasi ya nane ni miaka miwili tu, lakini ndipo wengi wanapotuacha. Kila katekista wa Lualaba anayetayarisha watoto kwa Kipaimara ajua jambo hilo pasipo kuambiwa na mtu.

Miaka hiyo imekuwa na majina mengi. Wakati wa Wabelgiji, kwa mpango wa 1948, njia moja ya kuendelea baada ya masomo ya chini iliitwa école moyenne, nayo ilikuwa ya miaka minne. Baada ya Uhuru tukapata cycle d'orientation, miaka miwili kwa wote. Kisha ni sheria ya tarehe 11 Februari 2014 iliyoiunganisha miaka hiyo miwili na masomo ya msingi, ndiyo maana leo twasema kalasi ya saba na ya nane. Sisi hapa tutayaita yote kwa jina moja: masomo ya kati.

Wenye elimu wameandika nini juu ya masomo haya katika inchi yetu ya shaba? Maandiko si haba. Lakini ukiyapanga mezani moja baada ya moja, waona kwamba mengi yaliandikwa ili kujua watoto gani wachache watafaa kwa kazi fulani, tena yalipigwa chapa mbali, kwa macho ya watu ambao hawakumfundisha mtoto yule wala hawakumzaa.

Tuanze na jambo la kututia moyo, maana historia hii haikuanza na mgeni. Mwaka 1911 gazeti La Revue Congolaise, lililotoka Ubelgiji, lilipiga chapa andiko lenye jina La psychologie des Bantu. Mwandishi wake alikuwa mseminari, Stefano Kaoze, mtu wa Marungu, mwanafunzi wa Mapadri Weupe. Alipewa upadri kule Baudouinville, yaani Moba ya leo, tarehe 21 Julai 1917, akawa padri Mkongo wa kwanza wa nyakati zetu. Neno lile saikolojia, ambalo miaka arobaini baadaye litaletwa Katanga pamoja na mizigo ya makaratasi ya vipimo, kumbe lilikuwa limekwisha andikwa na mseminari Mweusi! Naye hakupima kichwa cha mtu. Alieleza jinsi watu wake wanavyofikiri, akisema kama mmoja wao. Baada yake, kwa upande wetu, kalamu ilinyamaza muda mrefu.

Kwa upande wa kampani haikunyamaza. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Wabenedikto wa Saint-André walifika Katanga mwaka 1910 pamoja na Monsinyori de Hemptinne, na upande wa magharibi, kuelekea Lulua, ukapewa Wafransisko mwaka 1922. Mwanzoni kampani ilitafuta wanaume tu, wafanye miezi yao na kurudi kwao. Tangu 1928 hivi ikageuza mpango: mfanyakazi afanye mkataba wa miaka mitatu, aje na mke, azae kambini. Hapo ndipo mtoto wa shaba alipozaliwa, na hapo ndipo alipoanza kuhesabiwa. Masomo ya kambi yalikabidhiwa wamisioneri. Wao walitafuta Wakristu, kampani ilitafuta mikono iliyozoea saa na filimbi, na kwa miaka mingi pande zote mbili ziliona kwamba zapatana.

Mtu aliyeandika wazi kuliko wote juu ya mapatano hayo ni Daktari Léopold Mottoulle, mkubwa wa mambo ya wafanyakazi Weusi katika Union Minière. Mwaka 1934 Institut Royal Colonial Belge ya Brussels ilipiga chapa kitabu chake juu ya jinsi viwanda vinavyoelekeza malezi ya Mweusi wa Kongo. Mwaka 1946 akatoa kingine juu ya matunda ya miaka ishirini ya siasa ya kampani kwa wafanyakazi wake. Tusimdharau bure: kambini kulikuwa na hospitali, chakula cha watoto, maji safi, na mama zetu walizika watoto wachache kuliko zamani. Lakini ukisoma vitabu hivyo mpaka mwisho wasikia baridi. Mfanyakazi ni kama mtoto wa kuongozwa daima, na mwana wake ni mfanyakazi wa kesho. Swali la kwamba mtoto huyo angeweza kuwa kitu kingine halimo.

Mpango wa 1948 ulifungua mlango, na papo hapo ukaweka chekecheke mlangoni. Masomo ya chini ya daraja la pili yaligawanywa mara mbili: ya kawaida, na yale yaliyoitwa sélectionné, yaani ya waliochaguliwa. Mtoto wa miaka tisa au kumi alikuwa amekwisha wekwa upande wake. Waliochaguliwa waliweza kwenda école moyenne, ambayo ilitoa makarani, au masomo ya moniteri, au, kwa wachache sana, sekondari nzima ya miaka sita. Wa kawaida walirudi kijijini, au walishika chombo cha kazi. Wasichana walikuwa na mpango wao mbali, sindano na jungu vikitangulia hesabu. Matokeo tunayajua. Mwaka 1960 Wakongo wenye diploma ya universite walikuwa wachache mno, hesabu inayotajwa ni kati ya 16 na 30, na mapadri Wakongo walikuwa wamepita 500. Watu wamestaajabia sana hesabu hizo mbili. Maelezo yake ni mepesi: kwa miaka mingi seminari ndiyo iliyokuwa karibu njia ya pekee iliyopita juu ya masomo ya kati bila kukatika.

Sasa nani alishika chekecheke lile? Kwanza mwalimu na padri mkubwa wa misioni, kwa egzamen na kwa kumjua mtoto. Halafu, katika miaka ya 1950, wakaja wataalamu wa saikolojia. Union Minière ilikuwa na kituo chake cha saikolojia na pedagojia, na humo walifanya kazi Paul Verhaegen na J.-L. Laroche. (Msomaji asimchanganye Verhaegen huyu na Benoît Verhaegen, mwandishi wa vitabu vya siasa na universite, jina moja, kazi mbalimbali.) Walikuwa watu wa uangalifu. Mwaka 1958 walitoa pamoja, katika gazeti moja la Marekani la elimu ya saikolojia, andiko juu ya namna ya kuchunguza vipawa vya Waafrika na kutengeneza vipimo vinavyowafaa. Waliona hatari ya kumpima mtoto wa Katanga kwa kamba iliyokatwa Ulaya.

Kipimo chenyewe kilichotumiwa sana kilitoka Uingereza. Kilitungwa na John Raven na kutolewa mwaka 1938, ndiyo sababu Wafransa walikiita Matrix 38. Mtoto aonyeshwa picha ya mistari na alama, kipande kimoja kimekatwa; chini yake kuna vipande kadhaa, naye achague kinachoziba pengo. Hakuna neno la kusoma. Basi ikadhaniwa kwamba kipimo hiki hakina lugha wala kabila, na kwamba chaonyesha akili tupu, kama daktari anavyoona mfupa kwa mashine.

Twaomba msomaji atulie hapa kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari. Laroche aliwapa watoto wa Katanga kipimo kilekile, kisha akakirudia, akakirudia tena. Alama zao zilipanda. Kabla yake, mwaka 1956, Profesa André Ombredane wa universite ya Brussels na wenzake walikuwa wametoa habari ya jaribio la namna hiyo hiyo, la kurudia kipimo cha picha za rangi kwa watu wa Kongo. Maana yake ni nini? Ni kwamba mtoto aliyeshindwa siku ya kwanza hakuwa amekosa akili. Alikuwa hajaona bado mchezo wa namna ile. Kalamu, karatasi, picha bapa, mgeni anayetazama saa: hivyo vyote vyajifunzwa, na aliyevizoea nyumbani kwa baba karani alimtangulia aliyetoka mtoni jana. Mvulana aliyekataliwa Jumatatu angeweza kupita siku ya tatu. Habari hiyo ingetosha kulitikisa chekecheke lote la 1948.

Laroche aliipiga chapa mwaka 1959 katika bulletini ya kituo cha psikotekniki cha Paris. Mwaka 1959! Wakubwa wa Brussels walikuwa wakihesabu miezi, na bulletini ile ilikuwa ya wataalamu wenzake, si ya moniteri wa Musonoi mwenye kalasi iliyojaa mbele yake na chaki moja mfukoni. Hatumlaumu Laroche. Alifanya kazi yake kwa haki, na aliandika alichokiona. Twaonyesha tu njia ambayo maarifa yalipita: yalitoka kwa mtoto wa Katanga, yakapanda ndege, yakalala katika kabati la Paris. Na mtoto aliendelea kupimwa mara moja.

Juu ya ile inayoitwa vita ya masomo tutasema machache, kwa sababu imesemwa sana. Mwaka 1954 waziri Buisseret alianza kufungua masomo ya serikali yasiyo ya misioni, na mwaka uleule ikatoka ripoti ya wajumbe watatu, Coulon, Deheyn na Renson, iliyoyahukumu masomo ya misioni kwa ukali. Maaskofu walikasirika, na walikuwa na sababu, maana ripoti ilinuka siasa za Ubelgiji. Hata hivyo tuseme kweli ijapokuwa yatuuma: iliposema kwamba walimu wengi hawakutayarishwa vya kutosha, haikusema uongo. Mashindano yale yalizaa kurasa nyingi sana, na katika kurasa hizo mtoto ni kama mpira, wachezaji wawaangalia wachezaji.

Katika miaka ileile, Kolwezi, palitokea namna nyingine ya kuchunguza. Padri Placide Tempels, Mfransisko, alikuwa ameandika kwa Kiflemi kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu. Kilitoka kwa Kifransa mwaka 1945, Elisabethville palepale, kwa kazi ya mwanasheria Antoine Rubbens. Monsinyori de Hemptinne hakukifurahia hata kidogo. Mwaka 1953 Tempels alifika upande wa Kolwezi, akaanza kuketi na wafanyakazi wa Union Minière na wake zao. Aliwauliza wanatamani nini katika maisha yao, akangoja jibu. Walifika pamoja kwenye maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Hatuandiki hapa juu ya Jamaa, wala juu ya mashaka ambayo maaskofu waliyapata baadaye. Tempels mwenyewe aliondoka Kongo mwaka 1962 asirudi. Twaangalia njia tu. Aliyeulizwa alisikia jibu, kwa Kiswahili cha kambi, siku ileile, na jibu likabaki nyumbani kwake. Lakini hata hapo, tazama: aliyeandika kitabu kikubwa cha elimu juu ya Jamaa ni Johannes Fabian, aliyefanya uchunguzi wake Kolwezi mwaka 1966 na 1967, na kitabu kilitoka Marekani mwaka 1971, kwa Kiingereza. Baba na mama wa Jamaa waliosimulia usiku kucha wasingeweza kukisoma.

Baada ya Uhuru chekecheke lilipanuliwa. Mkutano wa Addis Abeba wa Mei 1961 uliita inchi zote za Afrika kuongeza masomo, nasi tukapata cycle d'orientation: miaka miwili ya kumwangalia mtoto kabla ya kumwekea njia. Wazo lilikuwa jema. Tangu 1967 egzamen d'État ikaamua mwisho wa njia. Lakini mwaka 1971 universite zote ziliunganishwa kuwa moja, UNAZA, na saikolojia na pedagojia zikawekwa Kisangani. Lubumbashi ikabaki na mambo mengine. Kisangani kulifanyika kazi ya kweli. Kituo cha CRIDE kilitoa daftari zake juu ya masomo na malezi mwaka baada ya mwaka. Lakini kutoka Kisangani mpaka Kolwezi ni safari ya mtu mwenye subira, na daftari hazina miguu. Mtaalamu wa masomo akawa mbali na shimo la shaba, na mwalimu wa shimo la shaba akawa mbali na mtaalamu.

Misukosuko mingine tuihesabu upesi: serikali ilichukua masomo yote mwaka 1974, ikayarudisha chini ya uongozi wa Makanisa kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977. Tarehe 13 Mei 1978 vita iliingia Kolwezi. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na Gécamines nayo ikaanza kuporomoka. Katika 1992 na 1993 ndugu zetu Wakasai walifukuzwa, na kati yao walikuwamo walimu. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi aliandika mwaka 2001 juu ya watoto wa shaba walioachwa na baba yao, yaani kampani. Huyo alikuwa mtoto wa inchi akiandika juu ya inchi, na kitabu chake chastahili kuwamo katika kila maktaba ya seminari.

Lakini angalia ramani ya maandiko ilivyo sasa. Juu ya universite, kuna kitabu cha Benoît Verhaegen cha 1978. Juu ya mji wa Kolwezi na nyumba zake, kuna kazi ya Bruneau na Mansila ya 1986. Juu ya masomo ya chini, kuna andiko la Poncelet, André na De Herdt la 2010, linaloeleza jinsi masomo yale yalivyoishi kwa pesa za wazazi wakati serikali ilipokuwa haipo. Masomo ya kati yaanguka katikati, kama mtoto wa pili kati ya kitinda mimba na mzaliwa wa kwanza.

Mwaka 2019 serikali ilitangaza masomo ya bure, ikaanza na kalasi sita za chini. Shangwe ilikuwa kubwa, na ilistahili. Basi mzazi aliyezoea kutolipa akuta kalasi ya saba inamdai franka, na wakati huohuo machimbo yako ng'ambo ya barabara. UNICEF ilikadiria mwaka 2014 kwamba watoto kama 40,000 walikuwa katika migodi ya kusini ya Kongo. Ripoti ya Amnesty International na Afrewatch ya Januari 2016 iliwaonyesha walimwengu watoto wanaookota na kuosha mawe ya kobalti, na wenye kampani za simu na magari huko ng'ambo walilazimika kujibu. Ni vema iliandikwa. Ila ripoti hizo zilimhesabu mtoto pale alipofika, shimoni. Hazikumhesabu pale alipotoka, mlangoni pa kalasi, siku jina lake lilipoitwa na hakuna aliyeitika. Na yule anayevumilia mpaka kalasi ya nane angojewa na TENASOSP, kipimo cha inchi nzima cha kuchagua na kuelekeza. Neno lile sélection la 1948 lingali kazini.

Mlango huo wa kalasi, nani aweza kuuchunguza? Mwaka 1965 waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu kule Elisabethville walijiandikia historia ya mji wao kwa Kiswahili cha Katanga, ikakusanywa na André Yav, wakaiita Vocabulaire ya mji wao. Hawakuwa na diploma. Iliwabidi wataalamu waje baadaye kuitafsiri, na Fabian aliitoa kuwa kitabu mwaka 1990. Watu wa jikoni waliweza. Sisi wenye filosofia na teolojia tuna vyombo zaidi yao.

Tena tuna kitu ambacho maktaba za Paris na Brussels hazina: daftari. Masomo yetu ya convention huandika kila mtoto anapoingia, jina, siku ya kuzaliwa, wazazi, na anapotoka, siku na mara nyingine sababu. Katika masanduku ya misioni mchwa na mvua vyasoma daftari hizo kabla yetu. Mseminari aliye katika mwaka wa stage achukue masomo ya misioni moja, si zaidi. Aandike hesabu ya waliomaliza kalasi ya sita tangu 2014, kisha awatafute katika daftari la kalasi ya saba. Wasioonekana, wavulana mbali na wasichana mbali, katekista na wazee wa jumuiya watamwonyesha nyumba zao, naye aende akaketi, aulize, angoje jibu. Aandike kwanza kwa Kiswahili, awasomee wazazi alichoandika, arekebishe watakachokirekebisha. Kifransa cha kupeleka universite ya Lubumbashi au ya Kolwezi kitakuja baadaye. Kurasa kumi zatosha kwa gazeti kama hili. Majina ya watoto yasipigwe chapa: miaka yao, kazi ya baba, hesabu na sababu.